Sura ya Sita: Namba Iliyo Ndani ya Jicho

Saa mbili na robo asubuhi, kitanda namba kumi na nne kilikuwa kimeshapata mtu mwingine. Hospitali haiachi kitanda kipoe.

Inspekta alikipita, akaingia chumba cha dawa mwisho wa wodi ya wanaume, akatoa rula yake ya chuma ya sentimita thelathini na kuisogeza ukutani mara sita. Mita moja na themanini. Aliandika. Kituoni walimwita Rula, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika kote kuwili.

"Washa taa, mama."

Muuguzi aliwasha. Juu ya kabati palikuwa na balbu mbili. Moja iliwaka, tena kwa shingo upande.

"Hiyo nyingine?"

"Ina miezi mitano imeungua. Nimeandika kwenye daftari la matengenezo mara nne. Mara ya nne niliandika kwa herufi kubwa."

"Walijibu?"

"Waliweka sahihi kwamba wamesoma."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mkuu wa wodi hiyo, miaka ishirini na saba kazini bila barua hata moja ya onyo. Leo hakuvaa sare. Alikuwa amesimamishwa, na askari aliyemleta alikuwa ameegemea dirisha la korido akipiga miayo.

Siku kumi na sita zilizopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuguzi huyu alifungua droo ya kabati hili, akatoa kichupa cha plastiki alichodhani ni maji ya sindano, akavuta kwa bomba, akaenda kusafisha mpira wa dripu wa mgonjwa wa kitanda kumi na nne, fundi bomba mstaafu aliyekuwa aruhusiwe kwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Kichupa kilikuwa cha potasiamu. Moyo wa fundi bomba ulisimama kabla bomba la sindano halijarudi kwenye sinia. Muuguzi aliita watu mwenyewe, akaandika ripoti mwenyewe, akakaa kwenye benchi kusubiri polisi. Ripoti ilikuwa na sentensi kumi. Ya tano ilisema: *Nilisoma maji.*

Hilo halikubishaniwa. Lililobaki lilikuwa moja: kwa nini alisoma maji mahali palipoandikwa potasiamu?

Miaka kumi na minne nyuma, muuguzi alipigwa leza machoni ili aachane na miwani ya kuonea mbali. Miezi minane iliyopita, mtoto wa jicho alipomwanza macho yote mawili, alitolewa na kuwekewa lenzi mpya ndani ya macho, zile za masafa yote: mbali, katikati na karibu. Kliniki iliyomwekea ilikuwa na faili lake. Faili lilisema mgonjwa hakuwahi kufanyiwa upasuaji wowote wa macho kabla, na chini pana sahihi yake. Kama faili lilisema kweli, basi muuguzi aliwaficha madaktari, akajiharibia macho kwa ulimi wake, akaendelea kushika sindano. Mwendesha mashtaka alikuwa na jina la kosa hilo, na jina hilo lilikuwa na miaka saba ndani yake. Kama faili lilidanganya, kosa lingehama nyumba. Jalada lilitakiwa saa tisa alasiri.

Jengo hili lilikuwa na historia yake. Mtungi wa oksijeni ulipokutwa mtupu, alifungwa msukuma machela. Lifti ilipoanguka, alifukuzwa mbonyeza lifti, na mguu wake ukiwa bado ndani ya plasta. Kipindupindu kilipotoka jikoni, kosa liliandikwa kwa mwosha vyombo. Katika jengo lenye ghorofa tano kosa lilijua kuteremka ngazi tu, na kila mara lilimkuta mtu wa chini amesimama palepale.

Inspekta alitandika kitambaa cheupe chini ya balbu, akaweka vichupa viwili, na rula katikati.

"Maji ni kipi?"

Muuguzi alikishika cha kulia. Akakileta karibu, akakipeleka mbali, akakiinamisha. Alifanya vivyo hivyo kwa cha kushoto. Dakika nzima ilipita.

"Maandishi naona yapo," alisema. "Ni kama mtu ameandika kwa maziwa juu ya kioo."

"Siku ile ulitumia dakika nzima?"

"Siku ile nilikuwa na wagonjwa thelathini na mmoja na msaidizi mmoja."

Inspekta alivitazama vichupa mwenyewe, kwa miwani yake ya kununua sokoni. Wino wa kijivu, plastiki inayopitisha mwanga. Alisoma bila taabu kubwa.

"Njoo dirishani. Soma lile bango kule ng'ambo ya uwanja."

Muuguzi hakukunja hata jicho. "'Magari ya wagonjwa tu. Usiegeshe hapa.' Halafu chini, kwa maandishi madogo, 'Idara ya Matengenezo.'"

Askari aliacha kupiga miayo. "Du! Afande, huyu ana macho ya mwewe. Mimi nilidhani kule chini ni uchafu tu."

Inspekta alipima umbali kwa hatua baadaye: mita hamsini na nane. Kwenye daftari aliandika: *Mbali – safi mno.* Akapiga mstari chini kwa rula. Mstari huo haukumsaidia muuguzi. Mwanamke anayesoma bango la mita hamsini na nane ataieleza nini mahakama kuhusu macho mabovu?

"Uliwaambia kliniki kuhusu leza?"

"Niliwaambia. Kwanza yule kijana wa mashine, wanamwita Weka Kidevu. Halafu daktari mwenyewe. Akasema, 'Umefanya vizuri kusema, mama.'"

"Nani alisikia?"

"Mdogo wangu, fundi cherehani. Ndiye aliyenisindikiza."

"Mdogo wako, tumbo moja?"

"Tumbo moja, ziwa moja."

"Basi mahakamani hajasikia kitu. Na hii sahihi kwenye fomu?"

"Ni yangu."

"Inasema hujawahi kupasuliwa."

"Afande, nilitiwa matone kwanza. Yale ya kupanua mboni. Ukitiwa hayo, karatasi inakuwa shuka. Binti wa mapokezi akanishika kidole, akakiweka pa kusaini. Nikasaini palipokuwa na kidole."

"Hukuuliza umeandikiwa nini?"

"Nami nimewasainisha wagonjwa wangapi hivyo hivyo?" Alisema bila kuinua sauti. "Sikuuliza."

Inspekta aliandika yote mawili, swali na jibu. "Baada ya upasuaji?"

"Taa zikaota pete. Kila balbu ina pete tatu. Na weusi wa herufi ukapauka. Nilirudi mara tatu. Akaniambia ubongo utazoea, niupe miezi sita. Mara ya tatu akaniandikia barua ya kurudi kazini bila masharti."

Barua ilikuwamo ndani ya jalada. Muuguzi alifungua mkoba, akatoa kadi ndogo ngumu yenye stika mbili, moja kwa kila jicho.

"Na hii. Walisema nisiipoteze, ni kama pasi ya lenzi zangu."

Inspekta aliitia kwenye bahasha bila kuisoma.

*

Mahali muuguzi alipopigwa leza miaka kumi na minne nyuma sasa palikuwa na duka la matairi. Mwenye duka alikumbuka kwamba alipohamia alikuta kiti kimoja cha ajabu, kinalala kama cha kinyozi. Makaratasi? Aliyachoma mwenyewe, yalijaa panya. Inspekta alimshukuru na kufuta anwani hiyo. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

*

Kliniki ya macho ilikuwa na mlango wa kioo unaofunguka wenyewe na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi. Ukutani, juu ya meza ya mapokezi, palikuwa na picha kubwa: wafanyakazi kumi na mmoja wamezunguka keki, na maandishi *Macho Mia Tano ya Masafa Yote – Sasa Sisi ni Kituo cha Mafunzo.* Tarehe ilikuwa ya miezi saba na nusu iliyopita.

Daktari alikuwa katikati ya picha hiyo, na sasa alikuwa nyuma ya meza yake. Wagonjwa walimwita Bingwa. Wafanyakazi pia, kwa tahadhari zaidi. Alikuwa na mikono safi na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu waliolazwa chali.

"Nimesikitika sana kwa yaliyotokea," alisema. "Lakini faili linasema lenyewe." Aliligeuza ili Inspekta aone. "'Upasuaji wa macho kabla ya huu: Hapana.' Sahihi hiyo hapo."

"Alisaini akiwa ametiwa matone."

"Kila mtu husema hivyo baadaye."

"Kovu la leza huonekana?"

"Baada ya miaka kumi na minne? Ni uzi wa buibui. Likipona vizuri hulioni kama hulitafuti."

"Na mashine ya kuchora ramani ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho? Nimeambiwa hiyo ingeonyesha."

"Umeambiwa kweli. Wiki ile ilikuwa mbovu." Alikuwa na barua ya fundi tayari, ndani ya bahasha yake, yenye muhuri. Inspekta aliisoma mpaka mwisho, akaona tarehe zinalingana. Njia hiyo nayo ilifungwa.

"Nieleze kama mtoto wa shule, daktari. Jicho lililopigwa leza lina shida gani na lenzi hizi?"

Bingwa alipenda kueleza. Alichukua jicho la plastiki mezani, akalifungua kama chungwa.

"Lenzi ya masafa yote inagawa mwanga. Kiasi kinaenda mbali, kiasi katikati, kiasi karibu. Kwa hiyo hakuna umbali unaopata mwanga wote. Kwenye jicho zima, mtu huona pete kidogo usiku, na weusi hupungua kidogo. Huzoea. Sasa jicho la leza, konea yake imeshachongwa. Mwanga unachafuka mlangoni kabla haujafika kwenye lenzi. Hasara juu ya hasara. Kwa mtu wa kazi ya mwanga hafifu, simpi. Au nampa fomu maalumu ya onyo, anasaini mbele ya shahidi, na namweleza kuhusu lenzi ya kawaida ya umbali mmoja."

"Na huyu hukumpa fomu maalumu."

"Ningempaje? Sikujua."

"Hukujua kabisa?"

"Andika hivyo, Inspekta. Sikujua kabisa."

Inspekta aliandika hivyo. "Na hesabu ya lenzi? Leza inaibadilisha?"

"Inaibadilisha sana. Mashine ya kawaida hudanganywa na konea iliyochongwa. Inakupa lenzi dhaifu kuliko inayotakiwa. Ukijua, unatumia hesabu nyingine, namba inapanda."

"Usipojua?"

"Unaweka dhaifu. Na mgonjwa anaamka haoni mbali. Nguvu ikipungua kwa mbili tu, bango la barabarani linakuwa ukungu mpaka avae miwani."

"Mbili tu."

"Mbili ni nyingi ndani ya jicho, ikipungua au ikizidi."

Inspekta alifunua ukurasa wa nne wa faili. Ulikuwa wa mashine: jicho la kulia, lenzi 19.5. La kushoto, 20.0. Aliomba nakala. Bingwa alibonyeza kengele, binti wa mapokezi akaja, akaichukua, akarudi na nakala ikiwa bado ina joto.

"Hiyo ndiyo hesabu uliyotumia?"

"Ndiyo iliyomo kwenye faili."

Inspekta hakuandika jibu hilo mara moja. Alimuuliza kwa nini kituo cha mafunzo kilihitaji macho mia tano. Bingwa akasema ni masharti ya bodi.

"Na jicho la leza linahesabiwa ndani ya mia tano?"

"Hapana. Macho yasiyoguswa tu." Bingwa alitazama saa. "Nina mgonjwa chumbani."

*

Weka Kidevu alikuwa fundi wa vipimo, miaka thelathini hivi, kwenye chumba kisicho na dirisha. Kilikuwa na mashine mbili, kiti kimoja na kalenda. Aliposikia mlango alisema bila kugeuka, "Karibu, weka kidevu hapa, paji la uso pale."

"Mimi ni polisi."

"Oh. Basi... kaa tu, afande."

Inspekta alikaa, akaweka kidevu. "Nipime."

"Una tatizo la macho?"

"Nina tatizo la kutojua. Nipime, nione unavyofanya."

Fundi alimpima. Mashine ilipiga mlio, namba zikajaa kwenye skrini. Chini ya namba palikuwa na vitufe viwili vya kuchagua: *Konea ya kawaida* na *Konea iliyopigwa leza*.

"Hiki cha pili hukibonyeza lini?"

"Mgonjwa akisema amewahi kupigwa leza."

"Kibonyeze sasa. Kwa hesabu yangu."

"Lakini wewe hujapigwa."

"Mashine inajua?"

Fundi alicheka kidogo. "Mashine haijui kitu, afande. Inajua ulichobonyeza." Alibonyeza. Namba ya lenzi ikapanda palepale, kipimo kikiwa kilekile. Akabonyeza cha kwanza, ikashuka.

"Ukurasa ukitoka kwenye printa, unaonyesha ulibonyeza kipi?"

"Unaonyesha namba tu."

Inspekta aliondoa kidevu. Alitoa bahasha, akamwaga kadi ya muuguzi kwenye kiganja. Stika zilikuwa na maandishi madogo kuliko mchele: jina la kiwanda, namba ya lenzi, tarehe ya kuharibika, na nguvu. Alisogeza miwani yake puani. Akaweka rula chini ya mstari wa mwisho ili asipotee, akausoma mara mbili. Halafu akaweka nakala ya ukurasa wa nne kando yake.

Kulia: ukurasa 19.5, stika 21.5.

Kushoto: ukurasa 20.0, stika 22.0.

"Hizi stika zinatoka wapi?"

"Ndani ya boksi la lenzi. Zinakuja tatu tatu. Moja kwenye rejista ya chumba cha upasuaji, moja kwenye kadi, moja inabaki. Hazichapwi hapa."

"Kwa hiyo mtu wa hapa hawezi kuibadilisha."

"Labda akafungue kiwanda."

"Vipimo vya mgonjwa wa miezi minane iliyopita vimo bado kwenye mashine?"

Fundi alitazama kalenda. Ilikuwa ya mwaka uliopita.

"Vimo," alisema.

"Viite. Kisha bonyeza kitufe cha pili."

"Afande, nina watoto wawili."

"Na fundi bomba alikuwa na wanne. Bonyeza."

Alibonyeza. Kulia 21.5. Kushoto 22.0. Feni ya mashine ilivuma.

"Mlichapa karatasi mbili," alisema Inspekta.

"Mimi nabonyeza ninachoambiwa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yule mama alisema leza alipokaa tu hapo, kabla sijamwambia weka kidevu. Dada yake... mdogo wake akataja hata mwaka aliopigwa. Nikaenda kumuuliza Bingwa. Akaniambia chapa moja ya kuagizia lenzi, na moja ya kawaida ya faili. Ya kuagizia ikishatumika inachanwa. Walikuwa wamebakiza macho mawili kufika mia tano."

"Macho mawili."

"Keki ilishaagizwa, afande."

"Utaandika hayo?"

"Nikikataa?"

"Utakuwa umekataa tu. Mashine imeshaandika."

Fundi alivuta kiti chake karibu na meza, akaomba kalamu. Aliandika polepole, ulimi umechomoza pembeni mwa mdomo, kama mtu anayejaza fomu ya kujiuzulu. Ilikuwa saa sita na nusu.

*

Bingwa alikuwa anavua glavu. Inspekta aliweka juu ya meza vitu vitatu: nakala ya ukurasa wa nne, kadi ya muuguzi, na rejista ya chumba cha upasuaji iliyofunguliwa kwenye tarehe yenyewe. Maandishi ya fundi aliyaacha mfukoni.

"Faili linasema 19.5. Stika inasema 21.5. Jicho la pili hivyo hivyo. Tofauti ni mbili kamili kote kuwili."

Bingwa aliinama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko namba nne zinavyohitaji.

"Boksi lilikosewa," alisema. "Muuguzi wa chumba cha upasuaji ndiye anayeleta maboksi. Nitamwita ajieleze."

"Hapana, usimwite."

"Ni kazi yake kusoma boksi."

"Macho mawili, maboksi mawili, na yote mawili yakosewe kwa kipimo kilekile? Haya, tuseme alikosea. Basi 19.5 ndiyo ilikuwa namba sahihi, na mgonjwa amebeba mbili zaidi ndani ya kila jicho. Angeona mbali?"

Bingwa alikunja glavu moja ndani ya nyingine.

"Saa nne uliniambia mbili ni nyingi. Bango linakuwa ukungu, ulisema. Leo asubuhi nimemsomesha bango la mita hamsini na nane, bila miwani. Alilisoma mpaka jina la idara. Askari wangu ni shahidi, na askari wangu hawezi kutunga kitu, hana akili hiyo."

"Kuna uzoefu," alisema Bingwa. "Daktari mwenye uzoefu huweza kupandisha namba kwa... kwa kuhisi."

"Ulihisi mbili kamili. Kama mashine inavyohisi ikibonyezwa kitufe cha pili."

Nje, binti wa mapokezi alikuwa akimwambia mtu kwa simu kwamba daktari ana dharura ndogo. Bingwa alikaa. Kiti chake kilikuwa na magurudumu, kikarudi nyuma kidogo, akalazimika kujivuta mbele kwa vidole.

"Nilimpa macho mazuri," alisema. "Nenda kapime. Hakuna daktari katika mji huu ambaye angepata namba ile sawasawa kwenye konea kama ile. Hakuna!"

"Ndiyo. Ulihesabu sawasawa."

"Basi kosa langu nini?"

"Asiyejua leza asingepata sawasawa." Inspekta alivuta daftari, akaligeuza ili Bingwa asome. Ukurasa wa saa nne, mstari uliopigwa chini kwa rula: *Sikujua kabisa.* "Ungekuwa daktari mbaya, leo ungekuwa salama. Yule mama angekuwa haoni mbali, angevaa miwani, na mimi ningeamini faili lako."

Bingwa aliusoma mstari, kisha akaitazama kadi. Alinyoosha kidole, akaisogeza ilingane na ukingo wa meza.

"Ile fomu ya onyo ni karatasi moja tu," alisema. "Hata isingembadilisha mawazo."

"Hatutajua. Na barua ya kurudi kazini bila masharti, baada ya kulalamika mara tatu?"

"Nataka wakili wangu."

"Hilo nalo nitaliandika."

*

Saa nane na dakika ishirini. Benchi la kituo lilikuwa na watu wawili: muuguzi na mdogo wake fundi cherehani, ambaye bado alikuwa na pini tano zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Alipomwona Inspekta alisimama.

"Afande, mimi nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Dada alisema leza, na mimi nikasema mwaka. Kwa nini hamtaki kuniandika?"

"Nimekuandika. Kuna mtu mwingine amekutaja."

"Nani?"

"Weka Kidevu."

Fundi cherehani alikaa. Kisha akasimama tena, kwa kuwa pini moja ilikuwa imemchoma.

Inspekta aliwaongoza mpaka dirishani, penye jua. Akampa muuguzi kadi yake.

"Hapa mwanga unatosha. Nisomee mstari wa mwisho, kila stika."

"Ishirini na moja nukta tano. Ishirini na mbili." Aliinua macho. "Ndiyo nini?"

"Ni nguvu ya lenzi zako. Namba hizo mtu hazipati mpaka aambiwe kwamba ulipigwa leza. Aliambiwa. Na kwa kuwa aliambiwa, unaona bango. Na kwa kuwa alinyamaza, hukuona kichupa."

Muuguzi aliifunika kadi kwa kiganja. Mdogo wake alianza kulia kwa sauti, akasema Mungu mkubwa, akamshika mabega. Muuguzi hakulia.

"Mwendesha mashtaka?"

"Jalada linaondoka saa tisa. Jina la kwanza limebadilika. Wewe umehamia ukurasa wa mashahidi. Baraza la wauguzi lina maneno yake na wewe, siwezi kuwazuia, ila jela umeikwepa." Alifikiri kidogo. "Daftari la matengenezo nalo nimelichukua. Zile mara nne."

Alifungua jalada mezani. Aliweka rula chini ya neno *mtuhumiwa*, akalikata kwa mstari mmoja, juu yake akaandika *shahidi*, kando akaweka sahihi na saa. Muuguzi alifuata kalamu mpaka ilipoinuka.

"Afande."

"Naam."

"Mkono ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyesukuma ile sindano. Usiandike kama kwamba haikuwa mimi."

"Mkono nimeuandika tangu siku ya kwanza, mama. Ni sentensi ya tano, ya kwako mwenyewe, siigusi."

"Na sasa?"

Inspekta alifuta rula kwa kitambaa, akaiweka juu ya ukurasa mpya, mweupe.

"Sasa naandika jicho," alisema. "Anza pale ulipokaa kwenye kiti, kabla hajakwambia uweke kidevu."